Andiko la mradi limekataliwa mara mbili, na wafanyakazi wameanza kunong'ona: nianzie wapi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mkuu wa idara ya uendeshaji kwenye taasisi yenye wafanyakazi 180 hivi. Maombi ya manunuzi, vibali na taarifa za stoo bado tunaviendesha kwa karatasi na kwa majedwali ya Excel yaliyotawanyika kwenye kompyuta za watu. Nimependekeza tununue mfumo mmoja. Menejimenti imenirudishia andiko mara mbili: mara ya kwanza waliniambia halina namba, mara ya pili wakasema namba zipo lakini haziaminiki. Wakati huohuo habari zimevuja, na watu wa masjala na stoo wananong'ona kwamba mfumo unakuja kuwaondoa kazini. Je, nianze kwa kuwashawishi wakubwa au kwa kuwatuliza wafanyakazi? Na kwenye andiko nilikosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa kurudishiwa kazi mara mbili; najua andiko la aina hiyo linavyokula usiku wa mtu. Kwa swali lako la kwanza, usianze kwa kuwashawishi wakubwa na usianze kutuliza watu. Ukishamuuliza mkurugenzi swali moja la ajira nitakalolitaja mbele, nenda ukakae na watu wa masjala na stoo, uhesabu kazi yao pamoja nao. Namba ambazo menejimenti inazidai zimo mikononi mwa watu haohao wanaonong'ona, na kule kuhesabu pamoja ndiko kutakakopunguza minong'ono. Ukiweka andiko upande huu na watu upande ule, utaendelea kukwama pande zote mbili.

Nieleze kwa nini ninalishikilia jambo hili. Mfumo wa kompyuta peke yake hauleti faida. Siku unapowashwa, kitu cha uhakika ulichonacho ni gharama. Faida huanza pale mtu wa stoo anapofunga daftari lake na kuingiza mali kwenye mfumo siku ileile ilipopokelewa, na pale mkuu wa kitengo anapoidhinisha ombi kwenye skrini bila kudai nakala ya karatasi. Kila faida uliyoiandika kwenye jedwali lako imesimama juu ya mtu fulani kubadili jambo analolifanya kila siku. Hebu lifungue andiko lako uhesabu: mtu huyo umemtaja mara ngapi?

Niliwahi kushirikishwa kwenye mradi unaofanana sana na wako, katika taasisi ambayo sitaitaja. Andiko lilipitishwa, mfumo ukanunuliwa, mafunzo ya siku mbili yakafanyika ukumbini. Miezi sita baadaye nikaitwa kuangalia kwa nini kazi zimezidi kuchelewa. Nilimkuta karani mmoja, mwangalifu sana, akiandika kila ombi mara tatu: kwenye daftari lake la zamani, kwenye mfumo, na kwenye fomu ya karatasi. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kwamba bosi wake hasaini kitu asichokishika, na kwamba daftari analitunza kwa sababu siku mfumo ulipozimika yeye ndiye aliyeulizwa mzigo uko wapi. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anajilinda, na alikuwa na haki ya kujilinda. Andiko liliahidi kuokoa saa za kazi, taasisi ikaishia kuongeza saa za kuandika. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ili faida ipatikane, bosi yule hana budi kuacha kusaini karatasi. Tangu hapo sisomi andiko la mradi bila kutafuta ndani yake cheo cha mtu atakayeacha kufanya jambo fulani.

Sasa tuje kwenye namba. Menejimenti ikisema namba haziaminiki, mara nyingi ina maana haikuona zimetoka wapi. Ukiandika kwamba mfumo utapunguza muda wa manunuzi kwa asilimia 40, afisa wa fedha atakuuliza asilimia 40 ya nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chukua maombi 50 au 60 yaliyokwisha kukamilika, yaokote bila kuchagua kutoka miezi tofauti, ukiwemo ule wa kufunga hesabu. Kwa kila ombi andika tarehe lilipoanza, lilipofika kwa kila mtu wa kusaini na lilipotoka kwake, lilirudishwa mara ngapi na kwa kosa gani. Ifanye kazi hiyo na makarani wenyewe, mezani kwao. Wao wanajua ni fomu ipi hurudi kila mara, ni kitengo gani hupitisha maombi mlango wa nyuma, na kwa nini kitabu cha stoo na stoo yenyewe havikubaliani. Mambo hayo hayamo kwenye mwongozo wowote wa taratibu.

Ukimaliza, huenda ukaona kile ambacho mimi nimekiona kila nilipofanya zoezi hili: muda ambao mtu analifanyia kazi ombi ni dakika chache, na siku zote zilizobaki ombi limelala mezani kwa mtu. Hapo lazima uwe mkweli. Kama ombi linalala siku tisa likimsubiri mtu mmoja aliye safarini, dawa yake ni barua ya kukaimisha madaraka, na barua hiyo hailipiwi leseni. Liandike hilo kwenye andiko lako waziwazi. Menejimenti ikiona umetaja tatizo ambalo mfumo hautalitibu, itakuamini zaidi kwenye yale unayosema utayatibu. Tena baadhi ya marekebisho hayo yaanze mara moja, kabla hata ya mfumo. Kuingiza utaratibu mbovu kwenye kompyuta ni kuugharamia mara ya pili.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kuhesabu muda kana kwamba ni fedha. Mtu anaandika kwamba kila mfanyakazi ataokoa nusu saa kwa siku, anazidisha kwa 180, anazidisha kwa siku za kazi, kisha kwa mshahara wa saa moja, anapata namba kubwa inayopendeza. Afisa wa fedha akiiona anajua kwamba mwisho wa mwezi mishahara italipwa ileile. Nadhani hapa ndipo andiko lako la pili lilipoangukia, ingawa hukuniambia. Zitenganishe faida zako. Kuna fedha ambayo kweli haitatoka tena: mali inayoharibika stoo kwa kununuliwa mara mbili, adhabu za kuchelewa kulipa, punguzo mnalolikosa kwa kukosa mpango, saa za ziada za kufunga hesabu, gharama ya kuhifadhi karatasi. Kuna muda unaopatikana, ambao una thamani pale tu unaposema utatumika kwa nini. Kwa mfano, makarani wawili watafanya hesabu ya stoo kila wiki badala ya mara moja kwa mwaka. Kuna hatari inayopungua, kama upotevu au hoja za ukaguzi. Na kuna mambo yasiyokubali namba, kama vile wauzaji kuwaheshimu zaidi. Yaeleze kwa sentensi mbili uyaache, usiyalazimishie tarakimu.

Kila faida ya fedha uiandikie mwenyewe. Namaanisha mkuu wa kitengo anayekubali, kwa saini yake, kwamba mwaka fulani bajeti yake ya saa za ziada itapunguzwa kwa kiasi kile. Utaona jinsi namba zitakavyopungua ghafla mtu akiambiwa asaini. Usihuzunike. Zilizobaki ndizo za kweli.

Halafu kuna hesabu ninayotaka uifanye kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu inaunganisha maswali yako yote mawili. Tuseme mradi unahitaji milioni 100 mwanzoni, na mambo yakienda sawa unaleta faida ya milioni 40 kila mwaka kwa miaka 5. Ukijumlisha tu utapata milioni 200, yaani ziada ya 100. Lakini fedha ya mwaka wa tano haina uzito wa fedha ya leo, hivyo tunaipunguza thamani mwaka hadi mwaka. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10, zile milioni 40 za kila mwaka zina thamani ya leo ya milioni 151.6. Ziada halisi ni milioni 51.6. Waandishi wengi huishia hapo.

Wewe usiishie hapo. Jiulize: je, watu wakiutumia mfumo nusu nusu? Tuseme mwaka wa kwanza faida inapatikana kwa asilimia 50, wa pili 80, na kuanzia wa tatu inakamilika. Thamani ya leo inashuka hadi milioni 126.8, na ziada inabaki 26.8, karibu nusu imepotea kwa sababu tu watu walichelewa kubadilika. Sasa tuseme matumizi yamekwama kwenye asilimia 60 miaka yote mitano, makarani wakiendelea na daftari pembeni. Mnapata milioni 24 kwa mwaka, thamani yake ya leo ni kama milioni 91, na mradi umekula hasara ya milioni 9. Mfumo ni uleule na bei ni ileile, kilichotofautiana ni mikono ya watu. Ukitafuta mpaka wa hasara na faida utaukuta kwenye asilimia 66 hivi. Iandike namba hiyo ukurasa wa kwanza: mradi huu una maana kama angalau theluthi mbili ya kazi iliyokusudiwa itafanyika kwenye mfumo, na hivi ndivyo tutakavyohakikisha.

Ukishafika hapo, fedha ya kuandaa watu haiombwi tena kama sadaka. Sema umeongeza milioni 8 kwa mafunzo ya mezani, watu wa kusaidia kila kitengo na miezi mitatu ya usimamizi wa karibu, na kwa hilo matumizi yakatoka asilimia 60 hadi 85. Thamani ya leo inakuwa milioni 129 hivi, gharama 108, ziada karibu 21. Milioni 8 zimeugeuza mradi wa hasara ya 9 kuwa wa ziada ya 21. Bila shaka utaweka namba zako, na makadirio ya matumizi lazima uyatetee kwa sababu. Lakini mjumbe wa kamati ya fedha aliyeiona hesabu hii hawezi tena kufyeka fungu la mafunzo kama jambo la kwanza la kubana matumizi, jambo ambalo nimeliona likifanyika mara nyingi mno.

Upande wa gharama nitapita haraka, maana hapa kila mtu anajua alichosahau baada ya kulipa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Leseni za kila mwaka, kusafisha taarifa za zamani kabla ya kuziingiza, saa za watu wanaotolewa kazini kwenda mafunzo, kipindi cha kuendesha njia mbili kwa pamoja, kushuka kwa kasi ya kazi miezi ya mwanzo, matengenezo, na gharama ya kuhama siku mtakapomwacha muuzaji huyo. Kusafisha taarifa pekee kunaweza kula muda kuliko kufunga mfumo wenyewe, hasa kama bidhaa moja imeandikwa kwa majina manne kwenye majedwali manne.

Lakini kuhusu makadirio yenyewe nina neno zaidi. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza udhaifu tulionao sote: tukipanga kazi yetu tunaiangalia kazi yenyewe hatua kwa hatua, tunaisahau historia ya kazi zinazofanana nayo. Jumba la opera la Sydney lilikadiriwa kwa dola milioni 7 za Australia na kukamilika mwaka 1963. Lilifunguliwa mwaka 1973 likiwa limegharimu milioni 102. Waliokadiria hawakuwa wajinga. Hazina ya Uingereza imelichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba waandaaji wa miradi ya umma wanatakiwa kurekebisha makadirio yao ya gharama na muda ili kufidia matumaini yaliyopitiliza. Wewe tafuta miradi mitatu au minne iliyowahi kufanywa na taasisi yenu, hata ya kuhama ofisi au kubadili mfumo wa mishahara, uangalie ilipangwa miezi mingapi na ilichukua mingapi. Kama kawaida yenu ni kuzidisha mara moja na nusu, zidisha na yako, useme kwa nini. Hakuna kitu kinachoongeza imani ya bodi kama mtu anayejirekebisha kabla hajarekebishwa.

Weka pia chaguo zaidi ya moja. Andiko lenye chaguo moja ni ombi tu. Pawe na chaguo la kati, labda kurekebisha utaratibu na kutumia mlichonacho vizuri zaidi, na pawe na chaguo la kubaki mlivyo, lenye gharama zake. Watu hudhani kubaki ni bure. Sweden ilijifunza hili barabarani. Mwaka 1955 wananchi waliulizwa kama nchi ihame kutoka kuendesha magari kushoto kwenda kulia, na takriban asilimia 83 walikataa. Lakini majirani zao Norway na Finland waliendesha kulia, magari mengi ya Wasweden wenyewe yalikuwa na usukani upande wa kushoto, na idadi ya magari ilikuwa ikikua kwa kasi, kwa hiyo kila mwaka wa kusubiri uliongeza bei ya kuhama. Bunge likaamua mwaka 1963, na alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ikahamia kulia, baada ya maandalizi ya miaka minne. Kwako, gharama ya kusubiri ni ile mali inayonunuliwa mara mbili, na lile rundo la taarifa chafu linalokua kila mwezi.

Mfano huo una funzo jingine la kupambanua. Sweden isingeweza kuhama nusu nusu, malori leo na teksi mwezi ujao. Wewe unaweza. Anza na kitengo kimoja, na ukiweza kukichagua, usichukue kile chenye vijana wapenda kompyuta peke yao, kwa sababu mafanikio yao hayatawashawishi wengine. Chukua kitengo cha kawaida, chenye mkuu anayeheshimika na wenzake. Lakini ndani ya kitengo hicho njia mbili zisiishi pamoja muda mrefu. Panga tarehe ambayo fomu ya karatasi haitapokelewa tena, itangaze mapema, na uandae njia ya dharura ya siku mfumo ukizimika. Daftari la yule karani wangu lisingekuwepo kama mtu angemjibu swali la siku ya kuzimika.

Tumefika kwa watu wako wanaonong'ona. Kuna utafiti wa zamani ninaoupenda sana, uliochapishwa mwaka 1948 na Lester Coch na John French, kuhusu kiwanda cha Harwood mjini Marion, jimbo la Virginia, Marekani, kilichokuwa kikishona nguo za kulalia. Kila kazi ilipobadilishwa kidogo, uzalishaji ulishuka na watu waliacha kazi. Wakajaribu njia tofauti. Kundi moja liliitwa, likaelezwa sababu, likapewa viwango vipya na maswali yakajibiwa. Yaani waliarifiwa vizuri kabisa. Makundi mengine yalishirikishwa kupanga kazi mpya na viwango vyake. Katika kundi lililoarifiwa tu, asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo na uzalishaji haukurejea. Katika makundi yaliyoshirikishwa kikamilifu hakuna aliyeacha kazi, na uzalishaji ulipanda hadi kama asilimia 14 juu ya ule wa kabla ya mabadiliko. Baadaye waliobaki wa kundi lile la kwanza walipohamishiwa kazi nyingine kwa kushirikishwa, nao walifanya vizuri. Walikuwa watu walewale.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi vikao vile vilivyoanza. Viongozi waliwaonyesha wafanyakazi nguo mbili zinazofanana, moja ya mwaka 1946 na nyingine ya 1947. Ya kwanza iliuzwa kwa bei mara mbili ya ile ya pili. Wakaulizwa ipi ni ya bei ya chini. Hawakuweza kuitambua. Hapo kila mmoja alielewa kwa nini gharama lazima zishuke. Kwa maneno mengine, waliwaonyesha wafanyakazi andiko la mradi, kwa vitu viwili vilivyowekwa mezani. Wewe una vitu vyako: ombi moja lililozunguka siku 34 na kisanduku cha vipuri vilivyonunuliwa mara mbili, kama ndicho utakachokikuta. Vilevile uvipeleke kwa bodi. Ninawasihi sana wateja wangu wasiwe na hoja moja ya ghorofani na nyingine ya chini. Kama kuna ukurasa wa andiko lako ambao usingethubutu kuusoma mbele ya watu wa stoo, ukurasa huo ndio unaonong'onwa.

Na tuutaje sasa: ajira. Mfuate mkurugenzi wiki hii, kabla ya kuhesabu ombi hata moja, umuulize kama mradi huu una nia ya kupunguza nafasi, na jibu liwe la maandishi. Usimwahidi mtu yeyote jambo ambalo huna mamlaka nalo. Kama jibu ni hapana, mkurugenzi mwenyewe alitamke mbele ya watu, aseme pia ni kazi gani zitabadilika, kwa sababu "hakuna atakayeguswa" si kweli na kila mtu anajua. Mtu wa masjala anayejua kwa kichwa kila faili liko wapi ana heshima aliyoijenga kwa miaka. Mfumo wenye kitufe cha kutafuta unamvua heshima hiyo hata kama mshahara haupungui. Mpe nafasi ambayo ujuzi wake bado unahitajika. Msimamizi mzuri wa usahihi wa taarifa ni yule aliyeteseka na makosa yake, na mara nyingi ndiye huyohuyo.

Usiwasahau wakuu wa vitengo. Wao hawanong'oni, ila wana njia zao za kuchelewesha, na wana cha kupoteza: saini ni madaraka, na ombi linalosubiri mezani humfanya mwombaji apige hodi. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyeandika mengi kuhusu mabadiliko kabla ya kufariki mwaka 1947, alifundisha kwamba hali iliyopo imeshikiliwa na nguvu zinazosukumana, na kwamba kupunguza kinachozuia kuna faida kuliko kuongeza msukumo, kwani msukumo huzaa mkazo. Kwa kila mkuu wa kitengo jiulize nini kinamzuia. Mmoja anaogopa kuonekana hajui kompyuta. Mfundishe peke yake, mlango umefungwa. Mwingine anaogopa lawama za ukaguzi akikosa karatasi. Mlete mkaguzi wa ndani amwambie kwa kinywa chake kwamba rekodi ya mfumo inakubalika. Jambo hilo la mkaguzi lifanye mapema, limeokoa miradi mingi.

Mdhamini wa mradi, yaani kiongozi anayeubeba kwa jina lake, awe mkurugenzi, na kazi yake kubwa iwe moja: tarehe ikifika, arudishe karatasi ya kwanza itakayoletwa mezani kwake bila kuisaini. Habari hiyo itafika stoo kabla ya saa sita mchana na itafanya kazi kuliko waraka wa kurasa kumi. Akisaini moja tu "kwa leo", nayo itafika.

Andiko jipya lisizidi kurasa nane, na viambatisho pembeni. Tatizo na ushahidi wa yale maombi 60, chaguo tatu, hesabu pamoja na ule mpaka wa asilimia, vihatarishi, mpango wa watu na bajeti yake, na jedwali la nani ataacha kufanya nini, lini, na nani amesaini kuimiliki faida ipi. Sema pia utapima tena baada ya miezi 3, 6 na 12, kwa njia ileile na makarani walewale, na useme ni matokeo gani ya majaribio katika kile kitengo cha kwanza yatakufanya uiombe menejimenti iusimamishe mradi. Lisome kwanza na afisa wa fedha, ninyi wawili tu, akiwa na kalamu mkononi. Ukitoka hapo namba zitakuwa zake pia, na kikaoni atazitetea yeye.

Kama mkurugenzi atakujibu kwamba nafasi zitapungua, usiitishe kikao cha wafanyakazi wiki hiyo. Kaa na rasilimali watu mjue ni nafasi zipi, lini, na watakaoguswa watapewa nini, kisha waambiwe wao kwanza, mmoja mmoja, ana kwa ana. Niandikie kabla ya hapo. Na ukiniletea andiko, nitaanza kulisoma kwenye lile jedwali la saini.